Maswali ya Wasomaji: Kati ya Punda Wangapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea kinachotetea punda wa mizigo. Mwezi uliopita tuliipelekea halmashauri picha 12 za punda wenye vidonda mgongoni, tukaomba itungwe sheria ndogo ya kudhibiti uzito wa mizigo. Ofisa mmoja alizitazama zote kwa utulivu, kisha akauliza, "Hawa ni kati ya punda wangapi?" Tulinyamaza. Sasa mwenzetu amepata kwenye intaneti takwimu isemayo kwamba punda 9 kati ya 10 wana vidonda. Je, tuitumie?
Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu Katibu, msiitumie mpaka mjue ni nani aliyewahesabu punda hao, wapi, lini, na alichokiita kidonda ni kitu gani. Takwimu isiyo na mwenyewe itawaaibisha siku ya kwanza mtakapoulizwa imetoka wapi, na aibu hiyo itaziharibia sifa hata zile picha zenu ambazo ni za kweli.

Swali la ofisa huyo, ingawa liliwauma, ni swali la haki, na mnaweza kulijibu bila fedha nyingi. Chagueni njia moja wanayopita punda wengi, mkae hapo asubuhi na jioni katika siku mlizozipanga mapema, na mwandike kila punda anayepita, mzima na mgonjwa, bila kumruka hata mmoja. Hapa ndipo watetezi tunapoteleza mara nyingi, kwa sababu jicho lenye huruma humfuata anayechechemea na kumwacha anayetembea vizuri, na mwisho wa siku daftari limejaa wagonjwa watupu.

Kabla ya kuanza, kubalianeni kidonda ni nini. Mnaweza kuamua, kwa mfano, kwamba ni mahali popote ngozi ilipochunika kwa upana wa sentimita 2 au zaidi, kisha mkaandika pia mahali kilipo: chini ya shogi (mfuko wa mizigo unaolazwa mgongoni), penye mshipi wa tumbo, pembeni mwa mdomo panapogusana na lijamu, au nyuma ya mapaja panapopigwa fimbo. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa kuwa mahali pa kidonda huonyesha chanzo chake. Mkikuta vidonda vingi viko chini ya shogi hata kwa punda waliobeba mizigo myepesi, huenda tatizo ni shogi lililoshonwa vibaya wala si uzito, na sheria mliyoiomba isingewasaidia punda hao. Kikundi kinachopenda wanyama kwa dhati lazima kiwe tayari kupata jibu la namna hiyo na kubadili ombi lake.

Siku ya kwanza, watu wawili wawakague punda 30 walewale, kila mmoja na karatasi yake bila kuchunguliana, kisha mlinganishe. Karatasi zikitofautiana sana, maelezo yenu ya kidonda hayajawa wazi, na inafaa myarekebishe kabla ya kuendelea. Kumbukeni pia kwamba punda aliyeumia kupita wote yaelekea hakutolewa nyumbani siku hiyo, hivyo hesabu ya njiani inaweza kuonyesha tatizo dogo kuliko lilivyo. Liandikeni hilo waziwazi katika taarifa yenu kabla hajaja mtu wa kuwauliza.

Hesabu za punda zimewahi kufika mbali. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, na kwa hiyo biashara ya ngozi inayochinja kwa kasi humaliza kundi upesi. Nchini Kenya, utafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha kasi ya kuchinja na kasi ya kuzaliana, ukaonya kwamba punda wa nchi hiyo wangeweza kwisha ifikapo 2023. Mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Hukumu ya mahakama nimeitaja makusudi, msije mkadhani kwamba hesabu nzuri humaliza kazi.

SWALI: Tumetoa elimu kwa wamiliki wa wanyama wa mizigo kwa miezi 6, kisha tukawagawia hojaji. Karibu wote wamejibu kwamba wameacha kuwapiga wanyama wao. Je, huo si ushahidi kwamba elimu yetu imefaa?
Mratibu wa mafunzo

JIBU: Ni ushahidi kwamba wameelewa mnachotaka kusikia. Mtu akiulizwa na mwalimu wake kama ameyafuata mafundisho, atamjibu kwa adabu, hasa ikiwa mwalimu mwenyewe amesimama mbele yake na kalamu mkononi. Pimeni miili ya wanyama badala ya maneno ya wenye wanyama: hesabuni vidonda kabla ya elimu na baada yake, na kazi hiyo ifanywe na watu wasiojua ni eneo gani limepata mafunzo. Lazima pia liwepo eneo la kulinganishia, kwa sababu msimu wa mavuno ukipita mizigo hupungua, na vidonda hupona vyenyewe hata pale ambapo hakuna aliyefundishwa. Kama hamwezi kufundisha maeneo yote kwa mara moja, chagueni kwa bahati nasibu ni yapi yatakayotangulia, na yanayosubiri yatakuwa ya kulinganishia. Ikionekana hakuna tofauti, itangazeni ili kikundi kingine kisipoteze miezi 6 kama hiyo.

SWALI: Mjomba wangu ni mfugaji wa kuku. Huniambia kwamba raha na maumivu ya mnyama hayapimiki, na kwamba tafiti za ustawi wa wanyama ni huruma zetu tu tulizozivika joho la sayansi. Nimjibu nini?
Mwanafunzi

JIBU: Mjomba wako ana hoja, maana huruma yetu huweza kukosea. Mwaka 1965 nchini Uingereza, kamati ya Brambell, iliyoundwa na serikali kuchunguza ufugaji wa ndani, ilipendekeza waya mwembamba wa matundu yenye pembe sita usitumike kuwa sakafu ya vizimba, kwa kuamini kwamba unawatesa kuku. Mwaka 1973, watafiti Hughes na Black waliwaachia kuku wachague wenyewe, na kuku wakaonekana kuupendelea waya uleule uliokataliwa, kuliko wavu mnene uliopendekezwa badala yake. Kamati ilikuwa na nia njema, ila haikuwa imewauliza kuku.

Kuhusu maumivu, mweleze jaribio lililochapishwa mwaka 2000. Kuku wa nyama waliochechemea na wenzao wazima waliwekewa vyakula viwili vya rangi tofauti, kimoja kikiwa kimechanganywa na dawa ya kutuliza maumivu. Wanaochechemea walikula chakula chenye dawa kwa wingi kuliko wazima, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyozidi kukila. Kila ninapolisoma jaribio hilo nasikia uchungu, kwa kuwa kuku hao walikuwa wakijitafutia tiba.

Ushahidi wa namna hii umekwisha kubadili sheria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai, yaani visivyo na kiota wala fito, kuanzia Januari 2012. Humo kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Nchini Uingereza, mapitio ya tafiti zaidi ya 300 yaliyotolewa mwaka 2021 yaliwezesha kaa, kamba na pweza kuingizwa katika sheria ya mwaka 2022 inayowatambua wanyama kuwa viumbe wenye hisia.

Mjomba wako, hata hivyo, atashawishika zaidi na kuku wake mwenyewe. Mwombe akuruhusu uweke fito za kulalia katika banda moja, zenye nafasi ya kuwatosha kuku wote, kisha kwa siku 10 mfululizo, giza linapoingia, mwende pamoja mkawahesabu waliopanda na waliobaki chini. Yeye ashike taa, wewe uandike.