Saini ya mahudhurio si ridhaa ya kijiji

Ndugu Mwenyekiti,

Umeuliza iwapo, siku wataalamu watakapofika kijijini kwenu nje ya Moshi kutafuta eneo la kuhifadhia taka za nyuklia, orodha ya mahudhurio ya mkutano wa hadhara itatosha kuwa ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Haitoshi. Orodha hiyo inathibitisha nani alifika na, tusifichane, mara nyingi nani alipokea posho.

Ridhaa ina maana pale tu anayeombwa anapoweza kukataa, na kukataa kwake kukaheshimiwa. Nchini Finland, sheria ya mwaka 1987 iliipa halmashauri ya eneo husika mamlaka ya kukataa. Ndiyo maana madiwani wa Eurajoki, manispaa ya huko iliyopendekezwa kuhifadhi taka hizo, walipopiga kura mwaka 2000, 20 wakikubali na 7 wakipinga, kura yao ilikuwa na uzito. Nchini Marekani, Bunge liliuchagua mlima wa Yucca kuwa mahali pa kuzika taka za nyuklia mwaka 1987, likalipiku pingamizi la jimbo la Nevada mwaka 2002, na hadi leo hakuna taka zilizozikwa pale.

Kwa hiyo suala hilo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lisiishie kwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Daini maelezo ya Kiswahili, mpewe muda wa kuyajadili majumbani, kisha muwaulize wataalamu hao waziwazi: tukikataa, mtaondoka? Jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura yoyote kupigwa, na vijiji vya chini vinavyotumia maji ya mfereji uleule na wenu navyo viitwe.