Maswali na Majibu: Sanduku Gumu Libaki Nyumbani

Nimepata nafasi kwenye ndege ndogo kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti. Sanduku langu gumu la magurudumu lina kilo 12 tu. Kuna shida?

Kilo si tatizo, sanduku ndilo tatizo. Ndege hizi kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi likiwemo, lakini mizigo inakaa tumboni mwa ndege, mahali pembamba, begi juu ya begi. Begi laini linajikunja. Sanduku gumu halikunjiki, na ndilo linaloachwa uwanjani. Hukuuliza, lakini nakwambia: acha nguo nyeusi na za buluu iliyokolea, mbung'o wanazifuata. Mabakamabaka ya kijeshi usiyafungashe kabisa, raia haruhusiwi kuyavaa. Sweta zito ni lazima kama mtapitia Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, na alfajiri ya Julai pale ni baridi kweli.

Naweza kupanda Kilimanjaro na jinzi?

Hapana. Ikilowa haikauki. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi, someni.

Shikamoo anti. Kama wapagazi wapo na wanalipwa, kwa nini nijibane? Nina kilo 24 za siku saba, njia ya Machame.

Marahaba. Ujibane kwa sababu anayebeba ni mtu. Mpagazi hatakiwi kuzidisha kilo 20, na humo mna vitu vyake mwenyewe, kama kilo 5. Zako ni 15. Getini mizigo inapimwa. Ukizidisha, unalipia mpagazi wa ziada, au kiongozi asiye na haya anaigawa kinyemela kwa vijana ambao tayari wana mahema, mitungi ya gesi na viazi vyenu. Nimewatazama wakipanda ukuta wa Barranco asubuhi, mkono mmoja umeshika mwamba, mwingine umeshika mzigo kichwani. Kambini begi mojawapo likafunguliwa, ikatoka mashine ya kukaushia nywele. Kambini hakuna umeme! Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Kilo zako zipeleke kwenye usiku wa kilele. Uhuru ni mita 5,895 na baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri: koti zito, glavu nene, soksi za sufu, begi la kulalia la maana. Nguo za kutembelea, seti mbili zinatosha. Betri za taa na simu lala nazo, baridi inazimaliza. Nyingine zote ziache hotelini Moshi.

Unguja wiki moja na watoto watatu. Nguo ngapi?

Nusu ya unazofikiria, na kanga tatu. Kanga ni taulo, ni shuka ya mtoto aliyesinzia, ni ya kujifunika mnapotoka ufukweni Nungwi kuingia Mji Mkongwe. Hilo la kujifunika si hiari, mji una wenyewe. Mkifikia huko, gari haliingii vichochoroni. Mtabeba kwa mikono.

Desemba tunakwenda Moshi kwa basi, mabegi sita, mengi ni mchele, sukari na mafuta ya wazazi. Tupunguze nini?

Mchele, sukari na mafuta. Mpunga unalimwa hapo hapo Mabogini. Mpe mama fedha mkononi, anajua anachokosa. Dawa za presha, vyeti na simu visikae kwenye buti. Viwe kwenye begi dogo, mapajani. Buti linafunguliwa kila kituo, na saa hizo wewe umelala.