Umepata ulichotaka na bado moyo haujatulia? Soma hii

Wengi wetu hapa Dar furaha tumeiweka mbele. Nikipata kazi ntatulia, nikiolewa ntatulia, nikinunua bodaboda yangu nikaacha kuendesha ya mtu ntatulia. Mimi ya kwangu ilikuwa nyumba. Nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, choo cha nje cha wapangaji wote, asubuhi unapanga foleni na ndoo yako, kwa hiyo nilivyohamia Kimara kwenye chumba masta chenye jiko na luku yangu peke yangu jamani nilifurahi, usiku naamka nawasha taa naangalia tu ukuta ulivyo mweupe. Haikupita muda mrefu nikawa nanung'unika kuhusu mgao wa maji na nawaza nyumba yenye geti.

Sio ukosefu wa shukrani, binadamu ndo tulivyo, tunazoea. Huko Marekani mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walitoa utafiti kuhusu watu walioshinda bahati nasibu, mahela mengi kabisa, wakakuta hawajawazidi furaha watu wa kawaida kwa kiasi cha maana. Na lililonigusa zaidi ni kwamba washindi walikuwa wanapata raha kidogo kuliko wenzao kwenye vitu vya kila siku, kama kupiga stori na rafiki au kunywa chai ya asubuhi. Yani kikubwa kilipoingia vidogo vikakosa ladha, na maisha kwa sehemu kubwa ni hivyo vidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu huu ndo mkubwa kuliko yote, rudisha akili pale ulipo. Jioni natoka Kariakoo nimesimama kwenye gari, mwili uko Magomeni ila akili iko kwenye kodi, iko kwenye maneno aliyonijibu bosi mchana, mpaka nafika nyumbani sijui njiani nimepita wapi. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu zaidi ya 2,000 kwa nyakati tofauti za siku, unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Karibu nusu ya muda watu walikuwa wanawaza kitu kingine tofauti na wanachofanya, na muda huo furaha yao ilikuwa chini. Hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwazidi waliokuwa wametulia kwenye shughuli yao.

Nilianza na chakula. Simu inabaki chumbani, nakaa mlangoni kwenye mkeka na sahani yangu ya ugali na dagaa, nasikia ile ndimu, nasikia pilipili, watoto wa mpangaji mwenzangu wanapita wananiamkia naitikia huku nawaangalia usoni. Basi, hakuna kingine. Mwanzoni utaona kama unapoteza muda na mkono utakuwa unaitafuta simu, vumilia tu. Na ukishindwa leo kesho kaa tena, akili inafundishika taratibu.

La pili ni mastatasi. Nina rafiki zangu nawapenda sana ila nilikuwa nikiangalia statasi zao asubuhi, huyu yuko Zanzibar huyu kavishwa pete, siku nzima roho nzito, wala sio wivu, ni kwamba nachukua siku yao moja nzuri naipima na Jumatatu yangu. Nimeacha kuziangalia kabla sijatoka nyumbani. Nikiwakumbuka nawapigia, tunaongea, na hapo ndo nasikia mwenye pete nae anahangaika na ada ya mdogo wake.

Kuridhika sio kukaa tu kusubiri Mungu alete. Mimi nataka kiwanja Chanika na hela naiweka kikoba kila wiki, ila sijaahirisha furaha yangu mpaka siku ya hati. Na sitamwambia mama ambaye watoto wake hawajala eti furaha iko ndani yake, huyo anahitaji hela ya unga kwanza, tukiwa nayo tumpe.

Na kuna huzuni ambayo haiondoki kwa haya niliyoandika. Kama wiki zinapita usingizi hakuna, chakula hakishuki, huoni sababu ya kuamka, hiyo inaweza kuwa sonona na ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa mwingine wowote. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, ama anzia hospitali iliyo karibu na wewe. Kama kwenda peke yako ni kazi, mwambie dada yako au rafiki unayemwamini akusindikize, na wewe unayeombwa kusindikiza, nenda nae siku hiyohiyo.