Jibu: Mgeni anayetaka sulisuli apandishwe botini

Salamu, ndugu. Umeuliza umjibu nini mgeni anayevua kwa burudani, anayetaka sulisuli (samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki) apandishwe botini kwa ajili ya picha, ilhali mlikubaliana kwamba samaki ataachiwa. Kwanza chunguza kama makubaliano hayo yalitamkwa waziwazi kabla ya kung'oa nanga, kwa kuwa ugomvi wa namna hii huanzia nchi kavu. Katika misimu ya kaskazi niliyoongoza wageni huko Watamu, pwani ya Kenya, niliyaeleza pamoja na matumizi ya jaketi za kujiokolea, injini ikiwa bado haijawashwa.

Samaki akifika ubavuni, msaidizi aliyevaa glavu humshika mdomo wake mrefu, kichwa kikibaki majini, huku nahodha akisogeza boti mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Picha hupigwa hapo hapo, mgeni akiwa ameinama kando yake. Kumpandisha samaki aliyekwisha kuchoka ni kumrudisha baharini nusu mfu, na bakshishi, hata iwe nono, haibadilishi hilo. Ukitumia samaki kama chambo, weka ndoana za duara, zenye ncha iliyopinda kuelekea ndani, ambazo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo. Akiimeza ndoana, usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo.