Dijei Alitukatia Wimbo

SWALI

Kwako Mzee wa Santuri, salaam nyingi. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka 40 ya ndoa, na wanetu wakatukodia ukumbi Nyali pamoja na dijei. Sisi tulijuana disko, kwa hivyo niliomba kitu kimoja tu: apige “Good Times” ya kundi la Chic, tucheze sisi wawili. Kijana akaipiga. Ndiyo kwanza miguu imekumbuka, hata dakika mbili hazijaisha, akaikata akatia ngoma ya siku hizi, na wajukuu wakavamia uwanja. Mke wangu akabaki ameshika mkoba. Mpwa wangu akaniambia, “Mjomba, hizo ni za makumbusho.” Mimi nasema muziki wa zamani ulipigwa na watu, wa leo unabonyezwa kwenye kompyuta. Hebu tuamulie: hizi ngoma za sasa zafua dafu mbele ya disko?

Babu wa Wanane, Tudor

JIBU

Babu wa Wanane, salaam nimezipokea, na hongereni kwa miaka 40.

Nianze na huyo dijei: amekosa adabu. Mimi nilizungusha sahani za muziki katika hoteli moja ya ufukweni kuanzia 1979 hadi 1986, na sharti la kwanza nililofunzwa na aliyenitangulia ni kwamba wawili wakishika uwanja peke yao, mkono wako ukae mbali na mashine. Waache. Unaweza hata kwenda msalani ukarudi. (Kwa kweli hiyo ilikuwa faida kubwa ya nyimbo ndefu, ingawa dijei yeyote wa enzi zetu atakana.)

Lakini katika hoja ya kompyuta sikuungi mkono, ndugu yangu. Uliicheza “I Feel Love” ya Donna Summer, sivyo? Nani hakuicheza? Ilitoka 1977, ikatengenezwa mjini Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte, na karibu kila unachokisikia mle ni sinthesaiza ya Moog, limashine la kuunda sauti lenye nyaya kama ubao wa simu wa posta. Cha binadamu ni sauti ya Donna mwenyewe na ule mdundo mzito wa chini. Huo ilibidi mpiga ngoma Keith Forsey aukanyage kwa mguu wake, maana mashine haikuweza kuutoa ukashiba. Mwaka 1977 huo. Mpwa wako pengine hajazaliwa. Na Boney M. je? Mjini humu hapakuwa na kijana ambaye hakujaribu kurukaruka kama Bobby Farrell. Mimi nilipasua suruali. Basi ile sauti nzito ya kiume kwenye sahani zao haikuwa ya Farrell. Aliyeimba studioni ni mtayarishaji wao, Frank Farian. Farrell alicheza, akafumbua mdomo. Kwa hiyo tukishupaza shingo kwamba zamani kila kitu kilikuwa cha kweli, yuko kijana mwenye simu atakayetuumbua mbele ya wajukuu.

Utamu wa disko uko kwingine, na wewe uliugusa ulipochagua “Good Times”. Itafute ile ya kwenye albamu, ya 1979, inayopita dakika nane. Huko katikati waimbaji wananyamaza, ala zinajiondoa, linabaki gitaa la besi la Bernard Edwards na ngoma za Tony Thompson. Edwards haleti madoido. Anatembea, anasita kidogo, anatembea tena. Kisha wenzake wanarudi mmoja mmoja kama watu wanaorejea barazani baada ya chakula, gitaa la Nile Rodgers likikwaruza, fidla zikishuka kutoka juu. Nilipokuwa nikipiga kipande hicho nilikuwa nazima taa zote isipokuwa moja. Hakuna aliyeondoka uwanjani. Watu wa jikoni walikuwa wakitoka na aproni zao kuja kuchungulia. Na besi hiyohiyo ndiyo kundi la rapu la Sugarhill Gang waliyoirapia mwaka uleule, maana hata wao walijua hakuna haja ya kutafuta nyingine.

Urefu ule haukuja hivihivi. Sahani ya inchi 7 ilibeba dakika tatu, nne. Ukilazimisha zaidi, mifereji inabanana na besi inakonda. Katikati ya miaka ya 70 Mmarekani Tom Moulton akaanza kuweka wimbo mmoja kwenye sahani ya inchi 12. Mifereji ikapata nafasi, besi ikanenepa, wimbo ukarefuka. Hapa Mombasa sahani za kawaida tulizinunua dukani kwa Assanand, lakini za inchi 12 tuliwategemea mabaharia. Manowari ya Marekani ikitia nanga tu, mimi na mwenzangu tulikuwa tushafika mjini na vinyago vya kubadilishana. Kuna simba mmoja wa mpingo aliyeondoka na baharia kwa ajili ya sahani mbili, na hadi leo naona mimi ndiye niliyefaidika.

Sasa hiyo ngoma iliyokukatiza. Hukuitaja jina, lakini kwa karamu za Nyali nabahatisha ni amapiano, ule muziki wa Afrika Kusini. Ikiwa ndiyo, nina habari itakayokushangaza.

Tarehe 12 Julai 1979, kule Chicago, dijei mmoja wa redio alikusanya sahani za disko katika uwanja wa besiboli akazilipua kati ya mechi mbili. Mashabiki wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Huko kwao wakatangaza disko limekufa. Sisi hatukuzika mtu. Tuliendelea kucheza, na Mombasa Roots wakaichukua chakacha ya kina mama wakaipeleka dansini, wakatupa “Disco Chakacha”. Lakini hata Chicago kwenyewe halikufa. Katika klabu iliyoitwa Warehouse, Frankie Knuckles aliendelea kulipiga, na sahani mpya zilipoadimika akawa anazirefusha za zamani kwa kukata tepu na kuunga, baadaye akaongeza mashine ya ngoma. Muziki huo ukaitwa hausi, kwa jina la klabu. Hausi ikafika Afrika Kusini, vijana wa huko wakaipunguza mwendo ikazaliwa kwaito, na katika miaka ya 2010 vitongoji vya Gauteng vikatoa amapiano. Kwa hiyo aliyekuingilia uwanjani siku yako ya heshima ni kitukuu cha hilohilo disko lako.

Barua yako ilipofika nilimwita mjukuu wangu, ambaye hupiga muziki kwenye harusi za wenzake kwa kompyuta ya kupakata. Tukakaa barazani hapa Makadara, na sahani ya mahamri kati yetu. Nikamwambia anipimie mwendo wa “Good Times”. Midundo 111 kwa dakika. Akapima amapiano aliyokuwa akiisikiliza asubuhi ile: 112. Akaongeza kidogo mwendo wa ile ya zamani, akaziachia zote mbili kwa pamoja. Wallahi zilikwenda sako kwa bako! Besi ya Edwards inatembea huku, na ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo lenye uwazi inamjibu kule. Nyanya yake akatokeza mlangoni na mwiko mkononi, akauliza huo ni wimbo gani, kisha akasimama pale kwa muda mrefu kuliko mchuzi ulivyoruhusu.

Yaani huyo dijei wenu hakuwa na sababu ya kukata. Angeweza kuwaingiza wajukuu taratibu, nyinyi mkiwa bado mnacheza, na msijue wimbo umebadilika lini. Ndicho kinachonikera zaidi.

Umenitaka niamue, basi naamua. Amapiano inafua dafu. Ina subira ileile: nyimbo za dakika sita, saba, na besi inayochelewa kuja mpaka uwanja uiombe. Kwa magoti yetu mimi na wewe, mwendo wake ni rehema. Inapozidiwa na disko ni kwenye zile fidla. Chumba kizima cha watu wenye nyuzi, wote wanalipwa, hicho sijakisikia huko. Gengetone ya Nairobi hainikoshi; mashairi yake nawaachia wenyewe, na wimbo umekwisha kabla sijaweka kikombe chini. Singeli ya Dar hupita midundo 200 kwa dakika. Ujeuri wake naupenda, ila hapo naangalia tu nikiwa nimeketi. Na hizi nyimbo za dakika mbili na nusu zilizojaa redioni, siwezi kuwalaumu sana wasanii: Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, sasa mtu arefushe apate nini? Anayepunjwa ni mchezaji.

Mwakani mwandikie dijei kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: “Good Times”, ile ya albamu, mpaka besi ibaki peke yake. Hapo ndipo amapiano iingie kwa chini. Karatasi mpe mbele ya mwanao anayelipa. Na mama muombe aweke mkoba kwa watu wa meza yenu mapema.

SWALI

Shikamoo babu. Marehemu baba aliniachia kasha la santuri, lilikuwa chini ya kitanda miaka mingi. Zimeota ukungu na nyingine zimepinda. Nizitupe?

Binti, Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Usitupe hata moja. Ukungu huo huondoka ukiuosha kwa maji yaliyokenekwa (distilled), na tone moja la sabuni ya vyombo. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mifereji kwa kuzunguka, usiikate kwa kupangusa kutoka katikati kwenda nje. Karatasi ya katikati isilowe. Kausha kivulini. Zilizopinda kidogo hucheza vizuri tu. Zilizopinda sana ziweke kando, na yeyote atakayekuambia uzipige pasi asiguse kasha. Baada ya hapo zisimamishe wima kama vitabu, mbali na dirisha na mbali na joto la mabati, maana kulala chali chini ya kitanda ndiko kulikozipinda. Sindano ya mashine nunua mpya, ya zamani itazikwaruza.

Ukimaliza, niandikie majina yaliyo kwenye zile kubwa za inchi 12. Kama zimo zile mbili nilizozipata kwa simba wangu wa mpingo, nitazitambua.