Ule mstari mweupe nyuma ya ndege: umweleze vipi mtoto?

Mtoto akiuliza, jibu linalotangulia mdomoni ni "moshi". Lizuie. Ule mstari ni wingu, tena la barafu, na hata mtoto wa miaka sita ataelewa ukianzia kwenye maji.

Mafuta ya ndege yakiungua hutoa mvuke: kilo 1 ya mafuta huzaa takriban kilo 1.25 za mvuke. (Mkubwa kidogo atauliza uzito umezidi vipi. Mwambie oksijeni ya hewani imejiunga humo.) Ndege za abiria huruka kilomita 10 hadi 12 juu, ambako baridi mara nyingi hupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke ukipoa huko hushika chembe za masizi, huwa matone, na matone huganda papo hapo. Ni kama pumzi inavyoonekana asubuhi ya baridi kali.

Ushahidi uko angani. Mwambie atazame nyuma ya injini, mbali na jua: kuna nafasi tupu kabla mstari haujaanza, kwa sababu mvuke hauonekani mpaka upoe. Moshi ungeonekana tangu kwenye injini. Ahesabu pia mistari kabla haijaungana. Injini mbili, mistari miwili.

Atauliza kwa nini leo haupo. Hewa ya juu ikiwa kavu, barafu hurudi kuwa mvuke na mstari hufutika upesi. Ikiwa na unyevu mwingi, mstari hudumu hata saa kadhaa ukitanuka. Ndege inayokaribia kutua haiuachi, maana hewa ya chini kwa kawaida haina baridi ya kutosha.

Maneno yakiisha, chukua chupa ya plastiki ya soda ya lita 1.5. Tia vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, funga, tikisa. Mtu mzima awashe kijiti cha kibiriti, akizime, aingize moshi wake kwenye chupa na kufunga haraka. Minya kwa nguvu, kisha achia ghafla: hewa hutanuka, hupoa, na ukungu hutokea. Ukiminya tena, hupotea. Usipotokea, mara nyingi moshi ulikuwa haba au kifuniko kinavujisha. Maji yanayochemka hulegeza plastiki, na chupa nyembamba ya maji hairudi upesi ikiachiwa. Jaribuni pia bila moshi; hapo ndipo mtoto huona kazi ya masizi.