Pesa ya utafiti: matumizi au mali?
Inategemea hatua iliyofikiwa. Chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, gharama za utafiti ni matumizi ya mwaka huohuo, zinapunguza faida moja kwa moja. Utata uko kwenye uendelezaji, yaani kugeuza matokeo ya utafiti kuwa bidhaa: kampuni ikithibitisha kuwa bidhaa inawezekana kitaalamu, ina nia na fedha za kuikamilisha, na italeta mapato, gharama za kuanzia hapo zinaingia kwenye mizania kama mali isiyoshikika. Ni lazima, si hiari. Wengi husahau hilo. Zilizokwisha kuandikwa kama matumizi hazirudishwi nyuma. Marekani, tangu kanuni ya uhasibu ya 1974, karibu gharama zote za utafiti na uendelezaji ni matumizi, isipokuwa za baadhi ya programu za kompyuta. Kwa hiyo, ukilinganisha kampuni za magari za Marekani na za Ujerumani, zinazofuata IAS 38, soma kwanza maelezo ya hesabu.